Mwizi anamuita "mama", sisi tunasema "mama hajui"

Wandugu wa Lubumbashi, nyinyi wa Katuba na Kenya, wa Kamalondo, Ruashi, Kampemba na Annexe, nyinyi wa katikati ya mji, na nyinyi munaosoma hii mukiwa Likasi, Kolwezi ao Kinshasa:

Leo hatuandiki juu ya barabara, wala umeme, wala bei ya unga. Tunaandika juu ya mama zetu na baba zetu, na juu ya telefone iliyo mikononi mwao. Tunawaomba kitu kimoja mbele ya kuanza: musisome hii mukitafuta kosa la serikali peke yake. Kosa lake liko, tutalisema. Lakini tutaanza na sisi wenyewe, ju na sisi tulikosa.

Sikilizeni kwanza kisa hiki.

Mama wa mmoja wetu anauza unga wa mahindi Katuba. Ni yeye alikuwa anachunga pesa ya likelemba ya wamama kumi na wawili, na aliiweka katika telefone ju nyumbani wezi waliisha kuingia mara mbili. Siku moja asubuhi telefone inalia. Ni kijana, sauti ya heshima:

"Allo, mama? Jambo mama. Uko muzima? Batoto beko muzuri? Mi njo mutoto yako, minatumikaka ku kampani ya telefone. Usiogope, mama. Kuko batu banataka kuingia mu konte yako. Tuifunge mbele baibe. Ufwate tu ile minakuambia, pole pole."

Mama akafuata. Kijana akamwambia afungue menyu, afinye hapa, afinye pale. Akampa "namba ya dosye" aiandike. Ilikuwa namba ya telefone ya kupokelea pesa. Akampa "kode ya kufungia", tarakimu tatu: 140. Ilikuwa dola. Mwisho akamwambia: "Sasa weka siri yako, mama. Lakini mimi usiniambie! Siri ni ya weye mwenyewe, usiambie mutu."

Musome tena pale. Mwizi mwenyewe ndiye alimfundisha asitoe siri yake. Na mama hakuitoa. Lile onyo tunalolirudilia kila siku, "usimupe mutu kode yako", yeye alilishika mpaka mwisho, na dola 140 zikaenda. Jina lililotokea katika mesaje lilikuwa la mwanamke. Aliyeongea alikuwa mwanaume. Kuhesabu dakika za simu ile: kumi na moja.

Majuma matatu mama alinyamaza. Aliuza bikwembe vitatu, kimoja cha ndoa yake, na akakopa unga ili wamama wenzake wasijue. Mwana wake alikuja kujua kwa mdomo wa jirani. Na huyo mwana, ndugu yetu, mwenye lisansi, mwenye kuongea vizuri katika mikutano yetu juu ya haki za wanyonge, alifanya nini? Alimpigia mama yake kelele: "Mama, namna gani unakuwa zoba hivi?"

Mama akajibu pole pole: "Ule mutoto nilimuuliza mara tatu, akanielezea mara tatu. Hakunikasirikia. Weye nikikuuliza mara moja, unaninyanganya telefone, unafanya mwenyewe."

Ndugu yetu alituletea maneno haya katika mukutano, akilia. Hakuna aliyemcheka. Kila mmoja wetu alikuwa anafikiri mama yake mwenyewe.

Wazee wetu si mazoba

Tunasikia kila mahali, katika basi, katika kabine, hata kanisani: "Wazee wanapenda pesa ya bure", "wazee hawajui telefone", "mama hajui". Maneno haya ni ya uvivu, na tunayakataa.

Watu hawa unaowaita hawajui ni wale waliolala siku ya Noeli ya 1979 wakiamka kusikia kwamba noti za zaire 5 na 10 hazina tena kazi, na wakavuka. Ni wale walioona Bindo Promotion ya Kinshasa ikiahidi kuzalisha pesa kama sungura, kisha ikaanguka mwaka 1991 na pesa ya watu ndani yake. Ni wale waliobadilisha zaire ya zamani kwa zaire mpya mwaka 1993, kisha zaire mpya kwa franga mwaka 1998, na kati ya yote hayo wakatulipia minerval. Diploma ile unayoiweka katika fardi ya plastiki ililipwa kwa unga, kwa makaa, kwa mayele ya mama.

Mtu aliyevuka hayo yote si zoba. Anajua kupima mtu. Anapima kwa sauti, kwa salamu, kwa lugha, kwa heshima. Ndivyo walivyopima watu maisha yao yote, na mara nyingi walipima vizuri. Mwizi wa telefone anajua mizani hiyo, basi anaweka juu yake kila kitu mama anachotafuta: anasalimia, anauliza habari ya watoto, anaongea Kiswahili cha hapa hapa, na hana haraka.

Sasa tujiulize: siku ile nzima, nani mwingine aliongea na mama yule vile? Kampani inamuandikia Kifransa. Mwana wake anamnyanganya telefone. Kijana wa kabine anamwambia "fanya mbio mama, kuko batu nyuma". Mwizi peke yake ndiye alimuita mama na akamwelezea mara tatu.

Njo maana anashinda. Hatushindi mtu huyu kwa kumuwekea mama hofu. Tutamshinda siku ile mama atakuwa na mtu mwingine wa kumuuliza, ambaye hatamtukana.

Na tumaini lao pia si ujinga

Kuna wizi mwingine unaozunguka katika mitaa ya wafanyakazi wa zamani. Mtu anaita: "Papa, majina ya wale wa zamani yametoka. Pesa yako iko. Utume tu ya kufungulia dosye." Na papa anatuma.

Munacheka? Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa ile programu ya "kuondoka kwa kupenda", na Benki ya Dunia ikasaidia kuilipia. Tuko wengi katika mji huu tuliozaliwa katika nyumba zile zile, miaka ile ile, mshahara ukiwa umekatika, na mpaka leo kuna wazee wanaosema hesabu yao haikufanywa sawasawa. Mtu anayengoja miaka zaidi ya ishirini anapoambiwa "jina lako limetoka", moyo unaruka. Wewe mwenyewe, shomeri mwenzetu, umetuma dosye ngapi za kazi? Umeshalipa mara ngapi "pesa ya fomu" kwa kazi ambayo haikuweko? Sisi vijana wenye lisansi tunaibiwa kwa tumaini la kazi. Baba zetu wanaibiwa kwa tumaini la haki yao. Ni ndoano moja, chambo tofauti.

Basi tuache kuwaangalia kutoka juu.

Sasa tuongee juu ya wenzetu

Hapa wengine watatukasirikia. Wakasirike.

Wanaoita mama zetu si watu wa mbali. Lugha yao ni ya hapa. Wanajua Katuba inaitwa Katuba, wanajua likelemba ni nini, wanajua kusema "mi njo mutoto yako". Wengine ni wa umri wetu. Wengine walikaa nasi katika auditoriamu moja.

Mmoja wetu aliitwa katika kazi hiyo. Walimwambia hivi: "Weye unaongea vizuri, uko na sauti ya mutu wa biro. Kazi ni kuongea tu. Asilimia yako iko." Alikataa. Tunamsifu kwa kukataa. Lakini alirudi nyumbani akanyamaza, na alipotuambia baadaye, na sisi tukanyamaza. Tulisema "kila mtu na maisha yake". Miezi ikapita. Halafu ikafika kwa mama wa mwenzetu. Hatujui kama ni kundi lile lile ao lingine. Lakini tunajua kwamba tulikuwa na neno la kusema, na hatukulisema.

Mwaka 2020, serikali ilipoanza kukata unite katika telefone zetu kwa jina la RAM, nchi nzima ilipiga kelele. Vijana wa harakati za raia walikuwa mbele. Tulisema ni wizi, hata kama una karatasi ya waziri. Kelele haikukoma mpaka mwaka 2022 makato yakasimamishwa. Tulifanya vizuri. Lakini basi namna gani serikali ikikata unite za mama tunaingia barabarani, na rafiki yetu akikomba likelemba nzima ya mama tunasema "anajitafutia"?

Tunajua jibu, tumelisikia: "Hakuna kazi. Wakubwa wanaiba mamilioni. Mi nafanya kidogo tu ili nile."

Ndugu, sisi pia hatuna kazi. Anayeandika maneno haya ana diploma tangu miaka miwili na hajawahi kupokea mshahara hata siku moja. Tunajua mambo ya kuamka asubuhi bila pa kwenda. Lakini yule mkubwa unayemsema hukumwibia. Hukugusa hata tairi la gari lake. Ulimwibia mama anayeuza unga kwa sahani, ju ndiye alikuwa karibu na ndiye hana avoka. Hiyo si hasira juu ya wakubwa. Ni kufanya kile kile wanachofanya, kwa mtu aliye chini yako.

Tena tunasema wazi, ili mtu asitusingizie: hatuiti mtu kupiga mtu. Hatutaki tairi, hatutaki petroli, hatutaki kundi la watu mbele ya nyumba. Harakati yetu haina fujo na haitakuwa nayo. Tunataka vitu viwili: ukiitwa katika kazi hiyo, ukatae na uwaambie wengine namna inavyofanyika. Ukiwa ndani yake, utoke. Mlango wetu uko wazi kwa anayetoka, na atakuwa mwalimu mzuri wa wazee, ju anajua mchezo wote.

Kampani zinauza kwa Kiswahili, zinaonya kwa Kifransa

Sasa zamu ya wakubwa.

Pesa ya telefone si kitu cha jana. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na Kongo ilifika mwaka 2012. Wakati wa kujifunza ulikuweko. Na tunajua pesa hii inasaidia: mwana yuko Kolwezi, anatuma, mama anapokea mbele chai haijapoa. Wale wanaosema "wazee waache hizo telefone, waweke pesa chini ya godoro" hawafahamu kwamba chini ya godoro pia mwizi anafika, na kwamba mwana aliye mbali hatasafiri na noti mfukoni kila mwezi. Wazee wana haki ya kutumia kitu hiki kama mtu yeyote. Kazi ni kukifanya kiwe salama kwao.

Tulikaa na wazee wa mtaa wetu, tukafungua telefone zao, tukasoma mesaje pamoja nao. Matangazo ya kuuza: Kiswahili kizuri, mpaka na mizaha. Mesaje za kuonya juu ya wizi tulizozikuta mle: Kifransa, tena Kifransa cha biro. Tukaita namba ya msaada mbele yao. Muziki, kisha mashine, kisha "piga moja, piga mbili", kisha muziki tena. Papa mmoja akasema: "Kama ningekuwa mwenye kujua hiyo Kifransa yote, singehitaji kuita."

Hata Union Minière ya wakoloni, iliyoanza mwaka 1906 na haikupenda mtu mweusi kwa kitu kingine isipokuwa mikono yake, ilifahamu kwamba katika kambi zake inabidi kuongea Kiswahili ili kazi iende. Namna gani kampani za leo zinashindwa kuandika sentensi mbili za kumkinga mteja wao?

Na hii si fadhili tunayoomba. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, artikle ya kwanza, inahesabu Kiswahili kati ya lugha nne za taifa na kuagiza serikali iziendeleze bila ubaguzi. Artikle ya 49 inasema mtu mzee ana haki ya kukingwa kwa namna ya pekee kulingana na mahitaji yake ya mwili, ya akili na ya utu. Kode ya Numerike ilitiwa saini tarehe 13 Machi 2023, na ndani yake kuna sehemu nzima juu ya makosa yanayofanywa kwa njia ya kompyuta na rezo. Sheria ziko. Lakini mama wa unga alipoibiwa, hakuna aliyemwambia aende wapi na ashike nini mkononi. Sheria ambayo mwenye kuibiwa haijui inamsaidia nani?

Kisha kuna mambo ya kadi za sim. Munakumbuka lile jina la mwanamke, na sauti ya mwanaume? Wote tumeona namna sim zinavyouzwa kandokando ya barabara. Kijana anapiga foto kadi yako ya mchaguzi, anakupa sim moja, na wewe hujui kama jina lako limefungua moja ao tatu. Inawezekana leo kuna mama mwingine, ambaye hajamwibia mtu hata sindano, jina lake linapokea pesa ya wizi.

Majirani zetu wa Tanzania walikutana na ugonjwa huu mbele yetu. Kule mesaje ya "ile pesa tuma kwenye namba hii" imejulikana mpaka imekuwa kichekesho. Lakini hawakuishia kucheka. Kuna namba 15040, mtu anapeleka pale namba ya mwizi. Kuna *106#, mtu anafinya na kuona namba ngapi zimeandikishwa kwa kitambulisho chake. Wizi haukuisha kule, hatudanganyi. Lakini bibi wa Kigoma ana pa kuanzia. Sisi tulipouliza wazee wetu, "ukiibiwa unaita namba gani?", hakuna hata mmoja aliyeweza kutaja.

Tunachodai

Kwa kampani zote za pesa ya telefone, bila kubagua:

1. Onyo, menyu na msaada kwa Kiswahili, na kwa sauti, ju si kila mzee anasoma maandiko madogo. Na lugha nyingine tatu za taifa kwa wenye lugha hizo.
2. Namba moja ya bure ya kuibiwa, fupi, anayejibu awe mtu, na awe na uwezo wa kufunga pesa pale pale mbele mwizi hajaitoa.
3. Mteja akitaka, pesa nyingi inayoenda kwa namba ambayo hajawahi kuitumia ingoje saa kadhaa mbele ya kupita. Mwizi anaishi kwa haraka. Kumcheleweshea ni kumnyima chakula.
4. Kila miezi mitatu mutangaze: watu wangapi walilalamika, wangapi walirudishiwa.

Kwa ARPTC inayosimamia rezo, na kwa Banque Centrale du Congo inayosimamia pesa: namna ya kila raia kuona sim zilizo kwa jina lake na kuzifunga. Na makini kwa wale wanaoziuza ovyo, kuanzia juu, si kwa kumkamata paka kijana wa parasoli.

Kwa polisi na parke ya Lubumbashi: mzee akija kushitaki, apokelewe, aandikiwe, asicheke mtu, asiombwe "pesa ya karatasi". Kuibiwa mara moja kunatosha.

Tunachofanya sisi

Hatutangoja wajibu. Tumeanza kukaa na wazee katika uwanja wa nyumba moja Katuba, kila Jumamosi alasiri. Viti vya plastiki, telefone mkononi, hakuna mikrofone, hakuna hotuba. Tulijifunza haraka kwamba sheria kumi hazikai kichwani, hata kichwani mwetu. Tunabaki na hizi:

Kata, ngoja, ita. Mtu akiita juu ya pesa, hata akiwa na sauti ya malaika, kata simu. Ngoja kidogo, unywe maji. Kisha ita wewe mwenyewe namba unayoijua ya mwana wako, ya jirani, ya kampani. Usirudilie ile iliyokuita. Kukata simu si kukosa heshima. Wamama wengi walishangaa kusikia hilo. Walikuwa wanaogopa kumkatia mtoto anayewaita mama.

Usifinye kwa maneno ya mtu. Kisa cha mama wa unga kinatufundisha: haitoshi kuficha siri. Ukiweka siri yako wakati mtu anakuongoza kwa simu, ni kama umemfungulia mlango na ufunguo ungali mfukoni mwako.

Pesa "iliyokosea njia". Mesaje ikisema umepata pesa, na mtu anaita analia umrudishie, usiamini mesaje. Fungua konte yako mwenyewe, uangalie inabaki ngapi. Kama haijaongezeka, ni mchezo. Kama imeongezeka kweli, mwambie aende kwa kampani yake ndiyo iirudishe.

Tarakimu sita za WhatsApp hazitoki. Hata anayeziomba akiwa na foto ya pasta wako. Na watoto, muwawekee wazazi ile kode ya pili ya WhatsApp, na muiandike pamoja nao.

Neno la nyumba. Kila familia ichague neno moja, la siri, la Kiswahili ao la kijiji. Mtu akiita "mwana wako amepata aksida, tuma pesa ya hospitali", mama aulize neno. Nkambo mmoja alichagua jina la mbuzi aliyemfuga akiwa mtoto. Hakuna mwizi wa dunia hii atakayelijua.

Ukiisha kuibiwa, sema. Saa ile ile. Usifute mesaje, ju ndani yake kuna namba ya mwendo wa pesa. Ita kampani, uombe wafunge. Uende polisi na mtu wa kukusindikiza. Sisi tutasindikiza. Majuma matatu ya mama kunyamaza yalimpa mwizi nafasi yote, na aibu ile haikuwa ya mama.

Na sheria moja ni ya kwetu vijana: tuache kunyanganya telefone. Wengi wetu ndio tulifungua konte za wazazi, tukaweka mwaka wa kuzaliwa kama siri, tukaandika kwa karatasi, tukaondoka. Sasa tukae, tumwache mama afinye mwenyewe, hata akikawia. Akiuliza mara tatu, tuelezee mara tatu. Akiuliza mara ya nne, hiyo ya nne ndiyo ya mapendo.

Mama wa unga bado anauza unga. Wamama wa likelemba walipojua, hawakumfukuza. Walimgawia deni, kila mmoja akabeba kidogo, na wakamwachia kuchunga pesa kama mbele. Sasa Jumamosi anakuja, anakaa mstari wa kwanza, na mtu akisema "mimi siwezi kuibiwa", yeye anacheka, anasema: "Njoo hapa, nikuitie kama mwizi, tuone."

Mwizi alimpa mama yule dakika kumi na moja. Leo jioni, mbele ya kulala, mbele ya kuingia TikTok, kaa karibu na mama yako, ao baba yako, ao nkambo. Zima sauti yako ya hasira. Fungua telefone yake pamoja naye. Mpe dakika kumi na moja.

Sisi, vijana wa harakati, Lubumbashi